Waliondoa Miguu ya Remorke

Wamama, na ninyi wababa muliokaa nyuma karibu na mulango, yambo yenu wote. Nimeombwa niseme Mungu alinitendea nini. Nitasema. Lakini nitaanza na yale watu walinitendea, maana ndiyo yalitangulia, na wazee walisema muficha maradhi kifo humuumbua. Sitataja jina la mutu. Anayejijua atajijua.

Bwana yangu alikuwa shofere. Alikuwa na gari la jipu la zamani, na nyuma ya jipu alifunga remorke ya kuvutwa aliyoitengeneza kwa mikono yake. Chini mbao ngumu, pembeni mbao, juu mabati. Nyuma kilikuwa kitanda chetu sisi na wasichana wetu wawili, mbele nafasi ya babula yangu, lile jiko la kupikia, na makaa. Tulitembea nayo toka Kasongo, tukapita Lusangi, mpaka Wamaza, tukifuata masoko na machimbo ya zahabu. Yeye anabeba mizigo ya wachuuzi, mimi ninawapikia wachimbaji bugali na sombe ya majani ya muhogo. Watu walitucheka, wakisema konokono wamepita na nyumba yao. Sisi tulikuwa tunakula na kushiba.

Kisha homa ikamukamata, akafa.

Matanga yalikuwa yameisha tu, na mimi bado nilikuwa nimefunga kitambaa cha kilio, wakati ukoo wa bwana yangu ulikutana kugawa vitu. Shemeji mukubwa ndiye alisema. "Muke wetu, jipu ni la ndugu yetu, hilo halina mashauri. Remorke ni ya watoto, hatuwezi kunyanganya watoto. Lakini miguu yake, zile pine za magurudumu na resori, marehemu alinunua mbele ya kukuoa. Hiyo ni ya ukoo."

Ndugu zangu, nawaambia, nilifikiri anachekesha ili kunituliza. Hakuwa anachekesha. Walileta kriki, wakainua remorke, wakatoa pine, wakatoa na resori, vile vyuma vilivyopindwa ambavyo vinabeba sanduku la remorke ili kila shimo la njia lisikuvunje mugongo. Walitoa pia esie, chuma kinacholala kutoka gurudumu mpaka gurudumu. Sanduku wakaliacha juu ya mawe. Katikati ya kazi mumoja aliniomba maji ya kunywa, na mimi nikamupa. Yale maji yananiuma mpaka leo.

Mulikuja kunitembelea, wengine wenu. Mulisema, "Mama, vumilia. Angalau uko na mahali pa kulala." Neno hilo "angalau" sitaki kulisikia tena. Nililala ndani ya remorke juu ya mawe kama kuku aliyefungwa, na wachimbaji waliokula chakula changu walikuwa mbali, na watoto wangu walikuwa wanaangalia sufuria tupu.

Nilisema, hii nyumba itatembea tena. Nikauza vitenge vyangu, vile ambavyo bwana yangu alinipa, nikaenda kwa fundi mumoja hapa mujini Kasongo. Alinipatia esie ya gari lililokufa na resori za gari dogo. Halafu akaniletea pine kubwa za lori. Akasema, "Mama, njia ya Kabambare, hiyo ya kupita Wamaza, ni matope matupu. Na pine hizi utapita juu yake, wengine watabaki chini." Na kweli, alipofunga, remorke ilisimama vizuri. Majirani walikuja kuangalia, wakapiga makofi. Nami nilipiga. Sasa sikilizeni hapo: ilikuwa tupu. Haikuwa na kitanda, haikuwa na makaa, haikuwa na mutu.

Nilipata shofere wa kunivuta, tukapatana kwamba nitamulisha njiani. Ninyi munajua desturi yetu. Mutu akisikia unaenda Wamaza, hakuachi uende mikono mitupu. Huyu ana gunia la muchele la kupelekea mama mukwe, yule ana chumvi ya dada yake, mwingine ana mabati ya kumalizia nyumba ya kaka. Ukikataa, wewe ni mutu mubaya, na ukirudi hakuna atakayekusalimia. Nilipokea yote. Kule Lusangi nikaongezewa mengine. Nani kati yenu angekataa?

Tulipotoka Lusangi nilianza kusikia harufu. Nilifikiri ni babula, nikaimwagia maji. Harufu ikazidi. Kila tukiingia shimoni, resori zilikuwa zinalegea, sanduku linashuka, na zile pine kubwa zinakwaruza mbao za chini. Mutoto wangu mukubwa akasema, "Mama, kitanda kinatoa moshi." Pine ilikuwa imekula ubao mpaka karibu na mahali wanalala. Tukasimama. Shofere aliinama, akaangalia, akachomoa chuma cha kukokotea kwenye gari lake. "Mama, unisamehe, mimi niko na bidhaa za watu." Akaenda. Alikuwa ameshakula.

Tulibaki hapo kando ya njia, kabla ya Wamaza, mimi na watoto na mizigo ya watu. Mizigo ilichukuliwa kidogo kidogo na wenyewe, kwa pikipiki, na wengine walinitukana kwa sababu ya kuchelewa. Wanawake wa kijiji cha karibu walipita kwenda mashambani, wakinisalimia. Mumoja alisema, "Tunakuona unapika hapa kila asubuhi, tukafikiri umehamia." Tulicheka kidogo. Ilikuwa lazima tucheke.

Habari mbaya haikosi pikipiki. Shemeji mukubwa alikuja, akaketi juu ya chuma cha kukokotea kama mwenye mali.

"Muke wetu, unajitesa bure. Miguu ya remorke iko kwetu, haijapotea. Mudogo wa marehemu atakuchukua, ndiyo desturi. Ukiingia kwake, sisi tutarudisha miguu, na watoto watalala vizuri."

"Na nikikataa?"

"Siku ya soko nitakuja na jipu na kamba. Hatuwezi kuacha mali ya watoto wetu ioze njiani. Wewe utachagua kupanda ao kutembea kwa miguu nyuma yake."

Jipu alilosema ni lile la bwana yangu. Nilitaka kumupiga na muiko. Sikumupiga. Hiyo nayo ni ushuhuda.

Wale wanawake walipotoka shambani niliwaeleza yote. Wengine walisema kama ninyi: vumilia, kubali, ni desturi, utafanya nini. Kulikuwa mama mumoja mutu muzima, aliyekuwa na jembe begani. Walipomaliza, alitua jembe chini. Akasema, "Mimi nilikubali, zamani. Musiniulize zaidi. Mama, tupatie kazi."

Kazi gani? Sikujua. Bwana yangu ndiye alijua ufundi, si mimi. Lakini niliingia chini ya remorke, nikalala kwa mugongo, nikaangalia. Ikiwa tupu, pine haikugusa kitu. Nafasi ilikuwepo, mukono unapita. Basi ugonjwa ulikuwa unajificha. Nilikuwa na unga wa muhogo umebaki. Niliukoroga na maji, nikapaka pine zote mbili zikawa nyeupe. Nikawaambia wamama, pandeni. Waliingia mpaka wakajaa, na vikapu vyao na kuni zao, na nikawaomba wachezecheze kama tuko njiani. Waliimba, waliruka, remorke ikalia. Waliposhuka, niliona alama nyeupe kwenye mbao. Hapo, na hapo. Nikarudi chini kuangalia, nikaelewa. Sanduku lilikuwa linashuka kwa sababu fundi alikuwa ameweka resori chini ya esie. Ni kama mutu abebe muzigo kwenye magoti. Resori zikikaa juu ya esie, sanduku linapanda juu, na pine inapata nafasi yake.

Mwenye pikipiki mumoja alisimama kuuliza nani amekufa. Alituazima funguo zake za buloni, zile bolti zinazokaza resori, akabaki kusaidia. Buloni zilikuwa zimekataa kufunguka, tukazimwagia mafuta ya mawese ya moto, zikakubali. Wamama waliinua sanduku kwa miti mirefu, wakakaa juu ya ncha za miti ili lisianguke, na sisi tukageuza: esie chini, resori juu. Pale mbao zilipoliwa tulikata, tukapigilia mbao nyingine. Nikapaka unga tena. Wakapanda tena, na mama wa jembe akapandisha hata mbuzi wake. Mbao zilibaki safi. Hapo nililia, wamama. Tangu kifo cha bwana yangu nilikuwa sijalia hivyo.

Siku ya soko shemeji alikuja na jipu na kamba. Alikuta mahali patupu na majivu ya babula. Sisi tulikuwa Wamaza, tumevutwa na shofere mwingine, na wachimbaji walikuwa kwenye mustari wakingoja sombe.

Mpaka leo ninatembea na remorke hiyo. Mutaniuliza kama nimesamehe. Bado. Ninaomba nisamehe, halafu ninaona lile jipu likipita sokoni, na inabidi nianze kuomba upya. Mungu ananijua.

Ninamushukuru Yeye. Ninawashukuru wale wamama ambao hawapo hapa, na yule wa pikipiki. Aksanti yao ni kubwa kuliko maneno yangu. Na ninyi niliwaambia sitaficha: mulinipenda, lakini mulinipima nikiwa mutupu, kama yule fundi alivyopima remorke. Mulikuja wakati wa kilio, mukaona nimesimama, mukaenda. Mutu hupimwa akiwa amebeba. Wale wa njiani walipanda juu ya remorke ndipo wakajua inaumia wapi.

Hapa katikati yetu kuna mama ambaye kitambaa chake cha kilio bado ni kipya. Ukoo wa bwana yake unakutana Jumamosi. Nawaomba, hata mumoja wenu asimwambie avumilie. Mimi nitakuwa nimeketi mulangoni kwake asubuhi, kabla mashemeji hawajafika. Muje. Na kila mumoja abebe kiti chake, maana viti vya huyo mama wameshachukua.