Fimbo Anaikumbuka

Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshajisahau. Mimi nashona viatu, wao wanapiga soga mpaka birika la kahawa likauke. Jana alikuja Kinyozi, wa duka la mbele yangu, jasho linamtiririka. Binti yake wa miaka saba kachukua mashine ya kunyolea, kamchora mdogo wake barabara moja kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Baba akaapa kumchapa, mtoto akatoka mbio. Hiyo ilikuwa mchana; alipotufikia, jua lilikuwa linazama na mtoto hajulikani alipo. Mama wa mtoto alikuwa anazunguka nyumba za majirani akimtafuta.

— Fundi, nikatie mkanda wa ngozi, akasema Kinyozi. Mzito.

— Ngoja nitafute kisu, nikamjibu. Kisu nilikuwa nimekikalia.

— Wateja wameniuliza kama ndio mtindo mpya! Nikimpata atanitambua.

Anatishia huku macho hayabanduki barabarani.

— Mchape tu, akasema Spika, mlinzi wa ghala, ambaye akishaanza kusema hakuna wa kumnyamazisha. Kiboko kinasukuma damu.

— Damu wapi! akadakia Dokta, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu anauza sumu ya panya. Kuna mshipa unatoka kwenye makalio unakwenda moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Ukigonga huku, kule kunawaka.

— Kwa hiyo wewe ukikaa sana unazimika? nikamuuliza.

— Cheka tu! Asiyechapwa utotoni hata kuvuka barabara hawezi. Atasimama pale mpaka mvi zimtoke.

— Mimi nilichapwa mpaka nikajua kulala nimesimama, akasema Spika. Unadhani kazi ya ulinzi niliipataje?

— Na wezi wakaondoka na mlango wa ghala, nikamkumbusha.

Nilicheka peke yangu. Kinyozi hata kahawa hakuigusa.

— Mama alinivunjia fimbo mgongoni, akasema. Ya mpera. Naikumbuka mpaka leo. Hata gauni alilovaa nalikumbuka, la maua mekundu. Na ndio nimekuwa mtu.

— Nani kakuvunjia fimbo?

Tukageuka. Mama yake mzazi huyo, kanga begani, anahema.

— Shikamoo mama!

— Marahaba wanangu. Wewe, mtoto yuko kwangu. Kaja mchana analia, kala, kalala. Nimemngoja mama yake apite, naona kazunguka kwingine, nikasema nije mwenyewe.

Kinyozi akakaa puu kwenye benchi langu, akajishika kichwa.

— Ee Mungu wangu, asante. Asante. Mimi nilishawaza kisima, nikawaza magari...

Alilia, tena bila kujificha. Hata mimi pumzi zilinishuka, maana yule mtoto hunisalimia kila asubuhi. Lakini mzazi mnamjua: hofu ikimtoka tu, hasira inarudi. Akasimama.

— Sasa ndio atanieleza!

— Kwanza nieleze wewe, akasema mama. Fimbo unaikumbuka, gauni unalikumbuka. Kosa lako lilikuwa gani?

Kinyozi akamtazama Spika, Spika akamtazama Dokta, Dokta akaanza kupanga pakiti zake za sumu. Nikajaribu na mimi kukumbuka makosa yangu ya utotoni. Wapi.

— Lilikuwa... mama, si ndiyo wewe ulinichapa?

— Hata mimi sikumbuki, mwanangu. Nakumbuka ulijificha chini ya kitanda. Nilikuita mpaka nikachoka, hukutaka kutoka.

Spika akanyanyua birika, akaliinamisha. Tone moja.

Kinyozi hakuniuliza ngozi tena. Alielekea kwa mama yake, nyumba ya tatu kutoka hapa, hatua za haraka, halafu zikapungua, nami nikimfuata kwa nyuma. Alipofika mlangoni akavua viatu, akachutama, akaanza kumwita binti yake kwa sauti ya chini kabisa, asije akamshtua.