Mama Ngoma na Mgongo wa Mpwa Wake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka msusi mmoja. Mtaani walimwita Mama Ngoma, ingawa ngoma hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mgongo wa mpwa wake.

Binti huyo alizaliwa na sistiki faibrosisi. Ni ugonjwa wa kurithi. Hauambukizi, narudia, hauambukizi. Makohozi huwa mazito yakang'ang'ania mapafuni, na chakula hakisagiki vizuri tumboni. Basi kila asubuhi shangazi alimlaza mapajani, akakunja viganja kama bakuli, akampigapiga mgongoni mpaka makohozi yalegee. Pu, pu, pu.

Jirani mpya, fundi viatu, alidhani mtoto anachapwa. Akaingia bila hodi, amekasirika, kiatu cha mteja mkononi. Shangazi hata hakusimama.

"Karibu, fundi. Nawa mikono, ushike zamu."

Akanawa.

Binti alipoanza sekondari, haya zikamwingia. Vidonge vya kusaidia kusaga chakula, alivyotakiwa kumeza kila mlo, akavificha. Alitakiwa ale sana, mafuta na chumvi vya kutosha, maana ugonjwa huu hupoteza chumvi nyingi kwa jasho, lakini wenzake walimwita mlafi, akaacha. Akakonda. Siku moja akajifungia chumbani, mgongo hautoi. Shangazi aliogopa, tena sana. Hakugomba. Alikaa chini nje ya mlango.

"Mwanangu, leo sitaki mgongo wako. Nataka ujue kujihudumia siku nisipokuwepo."

Mlango ukafunguliwa baadaye, chai ikiwa imeshapoa. Wakaanza upya: vidonge mezani, mbele ya wageni, kamba ya kuruka uani, pumzi ndefu, kisha kukohoa bila aibu. Mteja akilalamika saluni, jibu lilikuwa moja: "Kifua kwanza, nywele baadaye."

Wiki iliyopita moyo wa Mama Ngoma ulisimama. Asubuhi ya mazishi, binti hakuonekana. Fundi viatu alimkuta saluni, kwenye kiti cha wateja, anavuta pumzi, anakohoa, machozi yanamtiririka.

"Watu wanakusubiri, mwanangu."

"Wasubiri kidogo, mjomba. Kifua kwanza."

Fundi akaenda kunawa mikono.

Kwako binti, na kwa familia yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Vijana mnaoishi na ugonjwa huu, kuleni mshibe, chezeni, mezeni dawa mbele ya rafiki zenu. Na wewe usiyeumwa, ukisikia pu, pu, pu ukutani kwa jirani, bisha hodi. Uliza kama kuna zamu.