Vyungu Viwili vya Bangi Vilivyomtoa Papa Otis Kitandani

Ndugu zangu wa Beltsville, na nyinyi mliotoka mbali kule Herndon, Yesu yuko hai! Hapana, hiyo amina ni ya watu hawajala. Semeni tena mpaka viti vitikisike: Yesu yuko hai! Haya, sasa nimeamka.

Mimi ni Byamungu, mnanijua. Shule niliisikia tu ikipita barabarani. Lakini leo nina ushuhuda, na nitasema neno ambalo hii maikrofoni haijawahi kusikia. Bangi! Mama Sifa, usitoke, kaa. Mchungaji, usinitazame hivyo, mimi sikuvuta. Hata kugusa sikugusa! Na ni kwa sababu sikugusa ndiyo Mungu alitenda. Sikilizeni.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Nilipewa mzee mmoja hapahapa Beltsville, Mmarekani mweusi, Papa Otis. Huyu Papa alisoma Kiswahili chuo kikuu akiwa kijana, na anakiongea kama kitabu kilichovaa tai. Mimi nasema, "Papa, kula." Yeye anajibu, "Ndugu Byamungu, nasikitika kukuarifu kwamba sina hamu ya chakula." Ndugu zangu, hata uji anaukataa kwa heshima!

Lakini mke wake alikuwa amefariki, na tangu mazishi Papa alilala tu. Daktari alisema miguu ni mizima, ni mgongo ndio unauma, atembee. Hakutembea. Alilala mpaka godoro likajua siri zake zote. Binti yake, Dada Denise, alikuwa analia jikoni kila Jumamosi. Akaniambia, "Byamungu, kiangazi kikiisha kama hajasimama, nampeleka nyumba ya wazee. Nimeshindwa." Papa alisikia. Akageukia ukuta. Ile nyumba yeye na mke wake walipaka rangi kila chumba kwa mikono yao. Kumtoa pale ni kumzika.

Asubuhi moja mwezi wa tano, Papa anafungua mdomo: "Ndugu Byamungu, ninakusudia kulima bangi."

Kijiko kikanitoka mkononi! Nikafikiri dawa zimemzidi. Kumbe akili yake ni timamu kuliko yangu. Sheria ya Maryland inaruhusu mtu mzima, mimea miwili kwa nyumba, mahali wapita njia hawaoni. Aliitaka kwa ajili ya mgongo. Nyuma ya nyumba kuna uzio mrefu, na vyungu viwili vikubwa ambavyo marehemu alikuwa anapandia maua. "Wewe ni mkulima," akasema. "Utanipandia."

Hapo ndipo vita ilianza! Jimbo linaruhusu, lakini serikali kubwa bado inakataza, na mimi faili yangu ya uraia iko mezani kwao. Mnanijua nikiogopa: wakiniuliza tu, mdomo unasema ukweli wangu wote, unaongeza na wa jirani. Nikamwambia, "Papa, nakupenda, lakini huo mmea sitaugusa hata kwa fimbo. Nitakufundisha kwa mdomo. Mikono ni ya kwako."

Dada Denise naye? Ofisi yake huko mjini inalinda siri za serikali. Akasema akigusa jani moja, kazi imekufa. Alikuwa anapita dirisha la nyuma amefumba macho kama mtu anaombea chakula!

Sasa nani atapanda? Papa mwenyewe, ndugu zangu! Siku ya kwanza, kutoka kitandani mpaka mlango wa nyuma ilikuwa safari ya Waisraeli. Alishika kile kigari chake cha kutembelea, mimi nimeshika mkanda wa suruali yake kwa nyuma. Nimeajiriwa kushika Papa, sikuajiriwa kushika bangi!

Nikamfundisha kama tulivyokuwa tunalima lengalenga, ule mchicha wetu, kwenye magunia kule kambi ya wakimbizi. Toboa chini, maji yapate njia. Weka kokoto, halafu udongo mwepesi na mbolea iliyooza vizuri. Mbegu mbili zikaota. Papa akazipenda mno, akazimwagia maji asubuhi, mchana, jioni, mpaka majani yakalegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Nikapiga kelele kutoka mlangoni, "Papa, unazibatiza au unazizamisha? Ingiza kidole! Udongo ukiwa mkavu mpaka kiungo cha pili, ndiyo umwagie." Yeye: "Nimekuelewa, mwalimu." Mwalimu! Mimi! Siku ile nililala nimevaa viatu kwa furaha.

Mwezi wa sita alikuwa anatoka mara mbili kwa siku. Mwezi wa saba akaanza kula, tena anaongeza pilipili. Na ile mimea, ndugu zangu! Nimelima mahindi tangu niko na meno ya utoto, sijaona kitu kizuri hivyo. Shina kama mkono wa mpiga ngumi. Marubani wa uwanja wa ndege wa Dulles walikuwa wanapunguza mwendo ili waangalie!

Halafu ikaja ile Jumamosi mwisho wa mwezi wa nane. Dada Denise ameleta karatasi za nyumba ya wazee, maana alisema kutoka na mtu amekushika mkanda siyo kutembea. Kalamu iko mezani. Papo hapo mbingu ikapasuka! Mvua ya kwenda kando, upepo wa kung'oa uzio. Chungu kimoja kikainama. Papa akapiga kelele, "Mimea yangu!" akaenda, mimi nyuma nimeshika mkanda, Dada Denise amenishika shati. Watu watatu kama gari moshi, na wa mbele tu ndiye mwenye ruhusa ya kugusa!

Nikamrushia shuka, akalizungushia chungu, akakiburuta mpaka ndani. Akarudia cha pili. Na mimi niko naomba, niko nalia, "Yesu, shika vyungu!" Mara nikaona mikono yangu yote miwili iko juu hewani. Yote miwili! Sasa nani ameshika mkanda? Hakuna mtu! Papa Otis anatembea peke yake kwenye mvua, kigari kimebaki ndani, anavuta chungu kama kijana anavuta mtumbwi!

Ndugu zangu, asante Yesu! Sikuja kuhubiri bangi. Nakuja kusema Mungu anaweza kutumia hata woga wa mtu kama mimi. Ningekuwa jasiri, ningempandia, na Papa angebaki kitandani. Wewe mwenye mzazi aliyegeukia ukuta, usikate tamaa, mtegemee Bwana! Papa yuko kwake hata leo.

Lakini nisikae kabla sijawaambia. Papa alisimama katikati ya sebule, maji yanachuruzika, vyungu vyake huku na huku. Akatuangalia, mimi nimejificha chini ya meza majani yasiniguse, Denise amejifunika uso na zile karatasi. Akasema:

"Samahani, ndugu zangu. Kati yetu watatu, ni nani anayepaswa kupelekwa nyumba ya wazee?"