Mfarishi wa Jenerali Tan

Baada ya miaka hamsini na sita jeshini, Jenerali Tan Huailu anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba 1985 na kurudi kwao Hunan. Wapishi wa kambi wana majonzi, maana hakuna mwingine anayeweza kumaliza pilipili zao. Mtunza bustani anajitahidi kuficha furaha: hatimaye atapanda maua mbele ya ofisi kuu, pale Jenerali alipong'oa mawaridi yote akapanda pilipili na maboga.

Mtoto huyu wa wachoma makaa aliingia Jeshi Jekundu akiwa na miaka kumi na mitano. Katika Matembezi Marefu kila askari alibandika neno mgongoni ili anayemfuata ajifunze kusoma. Tan, mjanja wa tumbo, akajipanga nyuma ya mpishi. Ndiyo maana kamanda aliyewatoa jasho Wajapani aliweza kwa muda mrefu kuandika "mchele", "chumvi" na "sufuria" tu. Amri za vita alimwachia katibu.

Mimi nilimfahamu mwaka 1958, majenerali walipoagizwa kuishi mwezi mmoja kama askari wa kawaida. Akaletwa kwenye seksheni yangu, kikundi cha askari wachache niliowaongoza. Nilikuwa kijana, na ukutani kwetu ilining'inia bendera nyekundu ya ushindi wa usafi, ambayo hatukuwahi kunyang'anywa. Tuliipenda kuliko chakula. Lakini Askari Tan, aliyezoea kulala juu ya majani makavu, hakujua kukunja mfarishi. Yetu ilisimama mraba kama tofu iliyokatwa sasa hivi. Wake ulilala kama nguruwe aliyeshiba.

Siku ya ukaguzi, luteni alipotambua kitanda ni cha nani, akatabasamu.

"Huu safi sana!"

"Safi wapi?" Tan akafoka. "Macho umeyaacha kwa mama yako? Kiongozi wangu, hebu mwambie ukweli."

Wenzangu walinikonyeza ninyamaze. Nikapiga saluti.

"Haujapita, Ndugu Luteni."

Bendera ikaondoka. Seksheni nzima ilimnunia Tan, nami nikampeleka kuosha banda la nguruwe. Alikwenda akipiga mluzi. Tangu hapo, kila alipotaka kusikia jambo bila kuvishwa kilemba cha ukoka, aliniita mimi, na mara nyingi alinigombeza vilevile.

Wiki hii wageni wamemiminika kumsifu, mpaka akaenda kujificha kwenye banda la kuku. Jana asubuhi akaniita. Furushi lake lilikuwa mlangoni, na kitandani ulikuwepo mfarishi alioukunja mwenyewe. Akasimama wima kando yake, mzee wa miaka sabini na mmoja.

"Kiongozi, leo je?"

Niliutazama. Roho iliniuma, nilitamani sana kusema umepita. Lakini sifa alikuwa amepewa na watu wote. Kwangu alikuja kutafuta kitu kingine.

"Haujapita, Askari Tan."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaukunjua, akaanza upya.

Jenerali, kambi nzima inakushukuru. Tunakuombea afya njema, pilipili kali na majirani wavumilivu. Usiache mazoezi: wakati wa mavuno nitafika Hunan, na kabla ya chai nitakagua kitanda.

Kuang Desheng,
kiongozi wako wa seksheni