Lori la Wendelin Lirudi Barabarani

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, uliyeteremka kutoka Mahenge, Bwana Jumbe wetu wa Ifakara, Baba Padre, Shehe wetu, Bwana Muhidin mwenye gereji hii inayofunguliwa tena leo, mafundi, madereva na mataniboi, wageni mliotoka Sanje na Malinyi, na ninyi kina mama ambao waume zenu wanashika usukani: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo?

Mimi ni Apolonia, mjane wa Wendelin, aliyekuwa dereva wa lori lile mnaloliona pale chini ya turubai. Bwana Muhidin ameniomba niseme machache kabla milango haijafunguliwa. Nimekubali kwa sababu nina shukrani nyingi, na kwa sababu liko neno moja ambalo leo hakuna mwingine wa kulisema ila mimi.

Nani kati yetu amesahau mwaka jana? Homa ya mafua ilipokuja, bandarini Dar es Salaam makuli walilala, kwenye reli watu walilala, na spea zilizoagizwa kwa ajili ya gereji hii zikakaa huko huko. Hapa kwetu, hata fundi aliyebaki na nguvu hakuwa na kitu cha kufunga. Fundi Tadei, aliyezoea kushusha injini nzima, alikaa barazani akiziba pancha za baiskeli, na siku nyingine hata baiskeli haikuja. Na mashindano yetu ya malori, yale ya kila mwaka baada ya mavuno, hayakufanyika.

Bwana Shauri, labda huyajui mashindano hayo. Malori hutoka Sanje, kila moja limebeba debe la maji lisilo na kifuniko, na mshindi ni yule wa kwanza kufika hapa gereji maji yakiwa bado juu ya alama. Mwaka juzi Bwana Muhidin alifika mbele ya wote, debe lake likigongagonga tupu. Wendelin alifika watu wamekwisha kula.

"Wendelin!" Bwana Muhidin akampigia kelele. "Tulikuwa tunatafuta tochi tukufuate! Umeendesha lori au umesindikiza bibi harusi?"

"Bwana mkubwa," akajibu, "ninyi mmeleta madebe. Mimi nimeleta maji."

Mlicheka sana siku ile, na ushindi mkampa. Lakini je, si uendeshaji ule ule uliowafikisha wagonjwa hospitali, wakiwa wamelala juu ya majani ya mpunga nyuma ya lori, bila kurushwa na mashimo? Wapo hapa waliobebwa. Mama Katarina, wewe ulibebwa, na uliniambia kwamba njia nzima alikuwa akikuuliza, "Mama, hapo vipi? Nipunguze?"

Kisha lori likafa njiani, na spea hakuna. Bwana Muhidin alikuwa na gari lake dogo, alilolitengeneza kwa miaka mingi ili siku moja aingie nalo kwenye yale mashindano makubwa yanayozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Alilipenda mno. Mkewe, Bibi Zena, alikuwa akisema, "Gari linafunikwa shuka jipya, mimi nalalia la zamani." Basi siku ile Bwana Muhidin alilifunua mwenyewe, akamwita fundi Tadei.

"Toa betri. Toa plagi. Toa na mipira ya rejeta."

"Bwana, na mashindano yako je?"

"Tadei, fungua."

Lori likatembea, wagonjwa wakaendelea kufika. Mwishowe Wendelin naye akashikwa na homa, na yeye hakupona. Siku zake za mwisho aliniuliza kama lori limewekwa kivulini. Nikamwambia limewekwa. Akalala.

Mnaijua desturi ya gereji hii: lori la dereva aliyefariki haliguswi mpaka watu wa nyumbani kwake waje waseme. Bwana Muhidin alibaki na lori la pili, bovu, lililongoja spea, na mafundi waliokaa bure, na gari dogo lisilo na betri. Angeweza kuja kwangu kuniuliza. Angeweza hata kuchukua vitu vyake vilivyomo ndani ya lori lile. Hakuchukua, wala hakuniuliza. Alikuja kunisalimu, akanywa chai, akazungumzia mvua, akaondoka. Bwana Muhidin, nakushukuru kwa chai ile uliyokunywa bila kulitaja lori.

Ninyi kina mama mnajua jinsi tunavyoishi. Kila dereva ana honi yake. Akifika Kibaoni, karibu na kuingia mjini, anaipiga, nasi tunajua ni nani, tunaweka maji ya kuoga jikoni. Ya Wendelin ilikuwa fupi mbili, ndefu moja. Baada ya arobaini, spea zikiwa zimefika, Kelestini alilitoa lile lori la pili. Alikuwa taniboi wa Wendelin, msaidizi wake safarini, kwa muda mrefu, na alipofika Kibaoni mkono ukapiga wenyewe: fupi mbili, ndefu moja. Nami nikaweka maji. Nilichochea kuni, nikatoa taulo, na maji yalikuwa yameanza kuchemka nilipokumbuka.

Kelestini alikuja amebeba kofia mkononi. "Shikamoo mama. Nisamehe, mkono umezoea."

"Marahaba. Umeshaoga?"

"Bado, mama."

"Basi ingia uani, maji yako tayari."

Alioga. Nilikaa nje nikisikia maji yakimwagika, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, nyumba ilikuwa na sauti ya mtu aliyerudi kazini salama. Ndipo nilipojua nitasema nini leo.

Bwana Muhidin, mafundi, mimi wa nyumbani kwa Wendelin nimekuja na ninasema: ondoeni turubai. Lori hili libebe mpunga, libebe wagonjwa, na mwaka huu liende Sanje likalete maji. Fundi Tadei, urudi kwenye injini zako.

Kelestini, mwanangu, lishike wewe. Ila honi ya Wendelin usiipige tena. Tafuta ya kwako, ili Eufrasia uliyemwoa juzi aijue, aweke maji.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza kwa upole. Sasa naomba tunyamaze kidogo, tuisikilize honi ya Kelestini.