Waliobaki Kuchota Mtoni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Na wenzetu wa kanisani, nanyi nawasalimu kwa heshima. Nimeombwa niseme machache, kwa kuwa wengi wenu mnatoka vijiji vinavyochimbiwa visima mwaka huu, na kamati za maji ndiyo kwanza mnakwenda kuzichagua. Majina sitataja. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Mbuchi, hiyo inatosha. Na aliyekosa kuliko wote ndiye huyu mnayemwona amesimama.

Sisi tulikuwa tunakunywa maji ya mto. Bahari ikijaa mto unakuwa chumvi, mnangoja mpaka yashuke ndipo mchote. Na mamba wamo, hilo sina haja ya kuwaeleza watu wa Rufiji. Basi miaka ile ya ruksa, maduka ya watu binafsi yamefunguliwa, mitumba imejaa kila gulio, serikali nayo imetuambia huduma tuziendeshe wenyewe, ukaja mradi ukatuchimbia kisima cha pampu ya mkono. Wanaume tulichimba na kubeba mchanga. Wanawake waliponda kokoto na kuwapikia mafundi hadi kazi ikaisha. Siku ya kuchagua kamati tukakaa wanaume saba, mimi mwenyekiti. Wanawake walikuwa nyuma, kwenye mikeka. Hakuna aliyewauliza kitu.

Kiangazi cha kwanza tu maji yakapungua. Asubuhi unapata, ikifika saa nne pampu inatoa hewa. Kamati ikatunga sheria: kila kaya ndoo tatu, na kaya ni ile yenye mwanamume aliyefanya kazi ya kisima. Tukafunga mnyororo na kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni.

Sheria ile iliwaacha nje watu watatu. Mmoja dada yangu wa tumbo moja. Ni mkubwa kwangu, ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shamba. Alikuwa ameachika huko Ngarambe, karudi nyumbani na binti zake wawili. Mwingine mjane wa mwalimu, mtu wa bara. Mumewe alifia kwetu, yeye akabaki, na sisi tukamwita mtu wa kuja. Wa tatu mzee mmoja aliyepata kuugua ukoma. Alishapona, hospitali ilisema hivyo, lakini vidole vilikuwa vimekatika, kazi ya kisima hakuitwa, na watu hawakutaka aguse mpini wa pampu.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, sikujiona mbaya. Nilijiona mwadilifu! Mwenyekiti asiyempendelea hata dada yake. Mke wangu alipotaka kumpelekea ndoo moja nilimkataza. "Watu watasema nini?" nikamwambia.

Mwanzo akapotea mbwa. Kisha mbuzi, ukakutwa mguu tu kwenye matope. Dada akanijia alasiri moja, hata hakukaa.

"Mdogo wangu, pale pa kuchotea pana mnyama."

"Mto umekosa mamba lini, dada?"

"Huyu si kama wale. Wale ukipiga kelele wanakimbia. Huyu anazama polepole, palepale alipo. Kesho yake anaibuka karibu zaidi."

"Fungeni kopo kwenye ufito, mchotee mbali."

"Tulifanya hivyo. Jana ameukamata ufito."

Nikamwambia nitalifikisha kwenye kamati. Sikulifikisha. Mjane wa mwalimu naye akaja, akanikumbusha kuwa pale mtoni palikuwa na uzio wa miti, na tangu tupate pampu wanaume tumeacha kuutengeneza. "Miti imeoza, mwenyekiti. Ukiusukuma kwa mguu unalala." Nikamjibu tutajadili.

Sasa nisikilizeni. Siku moja niliteremka mwenyewe kwenda kuangalia. Maji yalikuwa yametulia, hayana hata povu. Ndege hawakuwapo. Kwenye matope nikaona alama ya tumbo, pana kama mtumbwi uliokokotwa, imepita katikati ya uzio mpaka kwenye nyasi, huko watu wanakotua ndoo zao. Nikarudi nyumbani sikumwambia mtu. Nilijua nikisema, itabidi nifungue kufuli.

Wiki moja baadaye, Ijumaa, ndiyo tunatoka kuswali, tukasikia ukelele kutoka mtoni. Nilikimbia. Nilipofika, mkono wa kushoto wa dada yangu haukuwapo, kuanzia kwenye kiwiko.

Mamba alikuwa amemdaka akiinama. Yule mzee wa ukoma alimrukia dada kiunoni, akamkumbatia kwa mikono ile ile tuliyoikataa, akakita miguu kwenye matope. Mjane akang'oa mti wa uzio, akaingia majini akamchoma mnyama jichoni, mara moja, mara ya pili, mpaka akaachia. Kuachia kwenyewe ndiyo huko, akaondoka na mkono.

Dada akapelekwa hospitali, akakaa wiki nyingi. Huku nyuma maneno yakaanza. Mamba yule si wa kawaida, ametumwa. Nani kamtuma? Mzee. Anakaa karibu na mto, walikuwa pamoja majini, mbona yeye hakuumwa? Maneno yakapita nyumba hadi nyumba. Watu wakaacha kumwuzia chumvi. Nikamsikia jirani yangu anauliza nani ana mafuta ya taa.

Nami, wenzangu, naona haya kuwaambia, lakini ndiyo kweli yenyewe: niliposikia hivyo nilipata nafuu. Kama mamba ni wa mzee, basi si wangu.

Mkutano ukaitishwa. Watu wamekuja na mapanga kama wanaokwenda kufyeka. Mzee amekalishwa chini, katikati. Nikamwona dada anakuja, katoka hospitali juzi yake tu, khanga imefungwa begani. Mtu mmoja akamwambia zamu ya wanawake bado. Akampita.

"Aliyenishika nisiende na maji ni huyu mzee," akasema. "Mnamtafuta mwenye mamba? Muulizeni mdogo wangu, Ijumaa ile pampu ilifungwa na nani."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema maumivu yamemchanganya, na wangeniamini. Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Kisha nikamtazama mzee. Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anayaangalia mapanga.

Nikasema, "Nilifunga mimi. Na alama za mamba niliziona wiki nzima kabla, nikanyamaza. Mzee hana kosa."

Mmoja akatema mate miguuni pangu. Kisha wakaanza kuondoka, mmoja mmoja. Mzee alibaki pale chini mpaka mjane alipokwenda kumwinua.

Uenyekiti nilivuliwa, na ilikuwa haki. Wenzangu wa kamati waliacha kuitikia salamu yangu, wakasema nimewauza. Dada hakunisemesha masika yote. Nilikata miti nikautengeneza uzio peke yangu, kwa hofu, naangalia maji kila nikipiga nyundo. Mamba yule hatukumwona tena. Wala hakuna aliyempata.

Kamati mpya ikachaguliwa, wanawake sawa na wanaume, mjane wa mwalimu mwenyekiti. Dada akasema ndoo zihesabiwe kwa vinywa, si kwa wanaume. Tukadhani maji hayatatosha. Wanawake wakatuambia kisima kipumzishwe kuanzia saa tatu hadi alasiri, kitajaa chenyewe. Kikajaa! Walikuwa wanalijua siku zote. Sisi tusiochota tungejuaje? Alasiri ile ya kwanza mzee alipiga pampu kwa viganja vyake, dada akakinga ndoo kwa mkono wake mmoja. Nilikuwa nimesimama pembeni. Dada akanigeukia, mara ya kwanza baada ya miezi ile yote: "Shika ndoo, mbona unatazama?"

Kama amenisamehe, hajasema, nami sijamwuliza. Namshukuru mbele yenu. Namshukuru mama yule wa bara, na mzee, Mungu amrehemu, ametangulia mwaka jana. Namshukuru na mke wangu, aliyebaki nami nilipokuwa hata mimi mwenyewe sijitaki. Leo dada ndiye aliyenituma. Alisema amechoka watu kuutazama mkono wake, safari hii wanitazame mimi.

Basi neno langu ni moja. Pampu zenu zikishasimikwa, kabla hamjakaa kuchagua kamati, teremkeni kwanza mtoni. Kaeni pale asubuhi moja, mwone nani bado anakuja na ndoo. Waulizeni majina. Hao ndio muanze nao.