Adrian Mtui na Kidude Kilichobaki Kipya

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Sanyuanli, Guangzhou, kaeni, na wenye simu wazizime, maana haya yatasomwa mara moja tu, na shangazi wa marehemu, Getrude, kwa niaba ya ukoo wa Mtui, kabla jeneza halijaanza safari ya kwenda uwanja wa ndege.

Marehemu Adrian Bartholomeo Mtui alizaliwa Marangu, mkoani Kilimanjaro, tarehe 9 Agosti 1992, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bartholomeo na mama Natalia, na mama huyo alipofariki mwaka 2001, Adrian alichukuliwa na shangazi yake mjini Moshi, aliyekuwa na duka la saa, tochi na redio, akalelewa si kwa kubembelezwa bali kwa ugali, kazi na sheria za duka. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba kitu kilichofunguliwa ni mtumba. Akiwa na miaka kumi alivuta kile kijikaratasi cha plastiki kinachozuia betri ya saa mpya isifanye kazi, apate kusikia inavyolia, shangazi akamfinya sikio mpaka akalia kuliko saa yenyewe, akamwambia, "Ukirudia, hiyo saa utaila." Hakurudia.

Alisoma shule ya msingi mjini Moshi hadi mwaka 2006, akamaliza kidato cha sita mwaka 2013, akabeba mizigo ya wazungu mlimani mwaka mzima, na huko ndiko alikopata ugonjwa wa kujiona anaijua theluji, kisha Septemba 2014 akaja Guangzhou kwa ufadhili, akahitimu uhandisi Juni 2019. Mwaka huohuo aliajiriwa kukagua bidhaa katika kiwanda cha vifaa vya watu wanaoteleza kwenye theluji, na ukimuuliza Mchaga anakagua nini cha theluji katika mji huu wa jasho, alikuwa akicheka na kusema, "Shangazi, hata wewe umeacha saa za Moshi, unauza makoti hapa Zhanqian Road na joto lote hili."

Alifunga ndoa na Jovitha mjini Moshi tarehe 27 Julai 2019, wakajaliwa mtoto mmoja, Careen, aliyezaliwa hapa Guangzhou tarehe 3 Machi 2021, ambaye yuko pale mbele na viatu amevaa kinyume, mwacheni.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuugua. Alijifunza kuteleza kwenye lile jumba la theluji ya mashine la hapa mjini, mahali ambapo mteremko hauna hila, na tarehe 16 Januari mwaka huu akasafiri na rafiki yake Didas, mwanafunzi tunayemjua wote, kwenda milima ya Xinjiang, nje ya viwanja vya kuteleza, kusiko na walinzi. Kwa kuwa Didas hakuwa na kidude cha kifuani, kile kinachotoa mawimbi na kunasa ya wenzako, ili ukifukiwa wakutafute, Adrian alimvisha cha kwake mwenyewe, chenye jina lake lililochorwa mgongoni, naye akachukua kipya kutoka kwenye boksi la sampuli, alichotaka kuwaonyesha wanunuzi kwenye maonyesho ya biashara ya hapa Pazhou mwezi wa nne.

Asubuhi ya tarehe 18 Januari, theluji ilikuwa imeanguka siku mbili na upepo umeirundika, na tangazo la hatari lilikuwa limetolewa, wakalisoma wote wawili. Didas alisema, "Kaka, tupimane vidude kabla ya kupanda," kama desturi ya huko inavyotaka, kila mmoja amsikie mwenzake, na Adrian akamjibu, "Mimi ndiye navikagua kiwandani, wewe mgeni utanikagua mimi?" Wakakubaliana kuvuka mteremko mmoja mmoja, hilo walifanya vizuri, Adrian akatangulia, Didas akasubiri kwenye miti, na saa nne na dakika kumi theluji ikakatika juu ya Adrian kama bati, ikamchukua.

Sasa sikilizeni, ninyi mlionong'ona wiki nzima kwamba Didas amerudi na kidude cha marehemu, kwamba alimvua akakimbia, na leo mmemwachia benchi zima peke yake kule nyuma. Didas alishuka palepale na kidude hicho, akatafuta, kikawa kimya. Aliyefukiwa huwa na robo saa hivi, ikizidi hapo ni bahati. Alichoma theluji kwa fimbo, akachimba kwa koleo, koleo lilipovunjika akachimba kwa mikono, wanakijiji wakaja na vidude vyao, kila mmoja akasema *meiyou*, hakuna, neno lilelile tunaloambiwa madukani kila siku. Adrian alipatikana saa saba mchana. Hizo bandeji za Didas si pambo, vidole viwili havipo, baridi ilivila.

Polisi walimkabidhi shangazi kidude kilichokuwa kifuani mwa marehemu. Kijikaratasi cha plastiki kiko kwenye betri, hakikuvutwa, ili Pazhou kidude kionekane kipya. Sheria hiyo hakuipata kiwandani, aliipata Moshi, na aliyemfundisha ndiye anayewasomea.

Familia inawashukuru madaktari waliotibu mikono ya Didas, wanakijiji wa mlimani waliochimba kumtafuta mtu wasiyemjua, wafanyakazi wenzake, na majirani wa Sanyuanli kwa chakula, ingawa pilau ya Jumatano ilikuwa mbichi.

Kidude kiko hapa mezani. Shangazi anavuta kijikaratasi mbele yenu, kinalia, mmekisikia wote, sasa ni mtumba na hakiuzwi, kitakaa na Careen. Didas, mwanangu, njoo mbele, jeneza utalibeba kwa bega la kulia, mstari wa kwanza, na anayeona haya kusimama nawe abaki ameketi.

Adrian, umesikika sasa, tumechelewa. Pumzika kwa amani, baba.